Somo: bodi ya boti ya rimoti kwa faiba, nyembamba, nyepesi na isiyovuja

Wengi wakijaribu bodi ya faiba wanatoka na kitu kizito halafu lawama zote kwa faiba. Jamani kinacholeta uzito ni resini, ile gundi ya majimaji inayoganda. Nguvu iko kwenye kitambaa cha nyuzi za kioo (ndiyo faiba yenyewe), resini inakishika tu, kwa hiyo lenga uzito wa resini ulingane na wa kitambaa, gramu kwa gramu, isizidi. Boti yangu ya kwanza ya sentimita 60 nilimimina kwa kukadiria ikafika gramu 190, ya pili nikapima ikatoka 90, na umbo ni lilelile.

Hatua ya 1: Chonga umbo la boti (kalibu ya kutandikia kitambaa) kwa mti laini au foamu ngumu, piga msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii bonde wala kinundu. Livalishe seloteipu ya maboksi, juu yake nta mara tatu. Resini haishiki hapo.

Hatua ya 2: Kata vitambaa kabla hujachanganya chochote. Natumia cha gramu 160 kwa mita ya mraba, juu yake cha gramu 80. Kata mshazari, nyuzi zikatize mkuku (uti wa chini wa boti) kwa digrii 45, ndio kinalala kwenye omo (pua ya boti) bila kukunjamana.

Hatua ya 3: Vaa glavu, fungua madirisha. Pima ipoksi (ndiyo resini ninayotumia) na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa mizani kama kopo linavyosema, koroga dakika mbili nzima ukikwangua kuta za kikombe, kisha mimina kwenye sahani bapa maana ikibaki imerundikana kikombeni inajipasha moto na kuganda hujafika hata nusu. Tandika kitambaa kikavu, paka kwa brashi, halafu chukua kadi ya plastiki uilaze na kuivuta taratibu toka mkuku kwenda ukingoni. Hapa ndipo wepesi unapopatikana. Kitambaa kilichoshiba kinapitisha macho mpaka unaona seloteipu chini, lakini ukikitazama kwa pembeni nyuzi bado zinaonekana. Kikimeremeta kama kimefunikwa na maji resini imezidi, vuta tena. Pakiwa peupe resini haijatosha au pana hewa. Cha pili kifuate cha kwanza kikiwa bado kinanata.

Hatua ya 4: Acha masaa 24, osha kwa maji ya vuguvugu utoe utelezi, piga msasa wa maji (vumbi la faiba usilivute kabisa), paka resini nyembamba ya kuziba vitundu. Ikikauka kata ukingo, penyeza maji kati ya bodi na umbo, itaachia.

MASWALI

– Mkuu, nina resini ya poliesta, inafaa?
Kwenye mti sawa. Kwenye foamu nyeupe hapana, seloteipu ikiwa na upenyo mdogo tu inapenya na kuiyeyusha.

– Yangu inavuja na tundu silioni.
Ifute nje ikauke, tia maji ndani taratibu huku umeishikilia chini, panapotoka tone weka alama ya penseli. Ikaushe siku nzima, msasa kidogo, kisha resini. Ukiziba ikiwa na unyevu itavuja tena.

– Siku ya tatu bado inanata, niongeze hadina juu?
Hapana dada, haisaidii. Kwanza ioshe, kama ni utelezi tu utatoka. Kama kucha inazama, vipimo vilikosewa au haikukorogwa vya kutosha, hiyo ikwangue uanze upya. Na kopo lisome vizuri, uwiano wa ujazo na wa uzito haulingani.