Kabla hujapokea zamu: kitanda cha mtoto mahututi

Ripoti ya zamu nitaisikiliza, lakini cha kwanza ninachotafuta ni uzito wa mtoto. Dawa, maji, hata nguvu ya umeme wa kushtua moyo, vyote hupigiwa hesabu kutoka hapo.

1. Hakiki uzito. Ulipimwa au ulikadiriwa? Lini? Uandikwe kwa kilo, mahali ambapo kila anayesogea kitandani ataona. Mtoto aliyevimba huidanganya mizani. Daktari aamue uzito upi utumike, na wote mtumie huohuo.

2. Andika dozi za dharura mapema. Hapa usiwe na haraka. Chukua adrenalini ya moyo uliosimama: mikrogramu 10 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mikrogramu 80. Ampuli yenye miligramu 1 katika mililita 1, ukiichanganya na mililita 9 za maji ya chumvi, inakupa mikrogramu 100 kwa kila mililita. Mtoto wetu basi anapata mililita 0.8. Nukta ikidondoka, inakuwa mililita 8: dozi mara kumi. Ubaya ni kwamba mililita 8 zinakaribia dozi ya mtu mzima, kwa hiyo mkono uliozoea watu wazima hausiti. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0.

3. Wawili wapige hesabu, kila mtu kivyake. "Nimepata 0.8, hebu angalia" si ukaguzi, maana jibu umeshampa. Usiku mmoja niliitikia hesabu ya mwenzangu kwa kutikisa kichwa tu. Dawa ya presha iliyoagizwa kwa dakika ilikuwa imeingizwa kwenye pampu kwa saa. Presha ndiyo iliyotuambia.

4. Linda mpira wa hewa, ule uliopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa ya mtoto. Soma alama ya sentimita mdomoni, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye faili. Kwa mtoto mchanga, sentimita moja inatosha kuuchomoa au kuuzamisha kwenye pafu moja. Mnapomgeuza, mmoja wenu ashike mpira, asishike kingine. Oksijeni ikishuka ghafla, jiulize: mpira umehama? Umeziba? Hewa imevujia kifuani? Au ni mashine ya kupumulia? Wakati unatafuta jibu, mtoe kwenye mashine umpe pumzi kwa mfuko wa mkono. Mfuko huo, na barakoa ya saizi yake, uwe umeujaribu tangu mwanzo wa zamu.

5. Fuata kila mrija kwa kidole, kutoka kwenye mfuko hadi mwilini. Maziwa na dripu visikutane.

6. Weka mipaka ya kengele kulingana na umri na hali yake. Ikilia ovyo, baada ya saa mbili hakuna anayeisikia.

7. Muulize mama: "Leo unamwonaje?" Akinijibu, "Nesi, huyu hayuko sawa," namkagua mtoto upya kuanzia kichwani na kumwita daktari, hata kama namba zote kwenye skrini ni nzuri.