Namna ya Kuitambua Sanaa ya Popu na Mitindo Iliyoitangulia katika Vitu vya Kila Siku Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kusafiri hadi New York au London ili aone jinsi sanaa ya popu ilivyoingia katika maisha ya watu, kwa kuwa pakiti ya majani ya chai, fulana ya kampeni, doti ya kanga na asubuhi moja ya kutembea mjini vinamtosha. Sanaa hiyo ilianza Uingereza katika miaka ya 1950 na kushamiri Marekani katika miaka ya 1960, wasanii walipoamua kuwa bidhaa za dukani, matangazo na katuni vinastahili kuchorwa kama walivyochorwa wafalme na watakatifu. Mwaka 1962 Andy Warhol, ambaye awali alijipatia riziki kwa kuchora matangazo, alionyesha mjini Los Angeles picha 32 za makopo ya supu, na baadaye wenye biashara wakaiga mitindo ya wasanii wale wale katika mabango na vifungashio vyao. Kwa hiyo, katika kila kitu utakachokichunguza, uliza maswali mawili: sanaa ilichukua nini dukani, na duka limechukua nini katika sanaa?

Anza na pakiti. Chagua yenye picha ya majani au matunda, kwa sababu maandishi ya rangi moja mara nyingi huchapwa bila nukta, kisha isogezee kamera ya simu na kuvuta picha karibu kadiri inavyowezekana, au tumia lenzi ya kukuzia. Utaona kwamba kile ulichodhani ni kijani kimoja ni nukta ndogo za samawati na njano zilizopangwa kwa safu, na mahali penye kivuli zimeongezwa nukta nyeusi. Ni jicho lako linalozichanganya ukiwa mbali. Msanii wa popu wa Marekani, Roy Lichtenstein, kuanzia mwaka 1961, alizichukua nukta za katuni za bei nafuu na kuzikuza kwenye turubai mpaka zikaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Ukishaziona kwenye pakiti, linganisha na tangazo lolote lenye mistari minene myeusi, rangi zisizo na kivuli na maneno yaliyoandikwa kama mlipuko, nawe utatambua lilikotoka.

Hatua ya pili ni kwenda Kariakoo kuwatazama wanaochapa fulana kwa skrini, kwa kuwa hapo ndipo utakapoelewa sanaa ya popu vizuri kuliko katika maelezo yoyote. Kitambaa chepesi hukazwa kwenye fremu na kupakwa dawa inayoganda kwa mwanga. Mchoro uliowekwa juu yake huzuia mwanga, sehemu hizo zikabaki laini na kuoshwa kwa maji, hivyo rangi inapovutwa kwa kibao chenye mpira hupenya hapo tu. Kila rangi ina fremu yake. Angalia kwa makini fulana ambayo fremu ya pili haikukaa sawasawa: mdomo wa mgombea umehama kidogo kutoka kwenye mstari wake. Mchapaji ataiona kuwa na dosari, lakini Warhol, aliyetumia njia hii hii kuanzia 1962, aliuacha mhamo wa namna hiyo makusudi katika picha za watu mashuhuri.

Baada ya hapo nenda maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru ukaangalie kanga, na usiharakishe. Tenganisha kwanza sehemu zake tatu, yaani pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Kisha tafuta ua la korosho, yaani umbo la tone lenye ncha iliyopinda. Umbo hilo lilitoka Uajemi na India, likasambaa Ulaya kwa shali za Kashmir, likaigwa katika viwanda vya mji wa Paisley huko Uskoti, na sasa limo katika mapindo ya kanga zetu. Kwa maoni yangu ni makosa kuiita kanga mwiga wa sanaa ya popu, maana kitambaa hiki kiliunganisha picha, maneno na biashara miongo mingi kabla ya makopo yale ya supu, na anayekivaa huchagua maneno kwa kumkusudia mtu.

Mitindo ya zamani zaidi iko katikati ya mji. Matao yaliyochongoka ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ni ya Kigothi, mtindo wa Ulaya ya karne za kati. Sanamu ya Askari ya 1927 inafuata desturi ya Ulaya ya kuunda mwili wa binadamu kama ulivyo. Inua macho pia kwenye majengo ya zamani ya mitaa ya karibu, utafute kona za mviringo na mistari ya kulala iliyopendwa baada ya maonyesho ya sanaa za mapambo ya Paris ya 1925.

Malizia Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao ngumu za kiwandani. Hakuwa mfuasi wa Warhol, ila wote wawili walitumia vifaa vya viwandani, na leo wanyama wa mtindo wake wamo kwenye sinia, mikoba na kuta za migahawa.

Ukitaka kuyatumia haya katika bango la duka lako, mwombe mchoraji atumie rangi mbili au tatu zinazopingana, mstari mnene na umbo moja kubwa. Iwapo mchoro umetokana na kazi ya msanii aliye hai, pata kwanza ridhaa yake kwa maandishi, kwani kazi za sanaa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.