Deni la benki limechelewa? Nenda mwenyewe, usisubiri dalali

Ndugu zangu wa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, na mialo yote ya ziwa, mkopo ukishachelewa miezi kadhaa, msizime simu. Nendeni benki wenyewe.

Kwanza omba mchanganuo wa deni kwa maandishi: msingi, riba, faini ya kuchelewesha. Faini ndipo penye nafasi ya kuongea, kwa sababu si hela waliyokupa mkononi. Tuseme msingi uliobaki ni 2,000,000, riba 400,000, faini 350,000. Una 2,100,000 umekusanya? Usiitaje yote. Anza na 1,800,000 kwa mkupuo, uombe wafute deni linalobaki, kisha panda taratibu. Afisa mikopo akisema hana mamlaka, mwombe kwa upole akupeleke kwa meneja.

Kama huna mkupuo, omba marejesho yaendane na mwezi wa angani. Sisi wa dagaa tunajua: mbalamwezi ikikaa, mitumbwi inalala na hela haiingii. Kukubali kulipa kila Ijumaa ni kujitega.

Na hili nalisisitiza sana, maana nimeona watu wakilia: usitoe hata shilingi kabla ya barua yenye mhuri na sahihi inayosema kiasi hicho kinamaliza deni lote. Ahadi ya mdomo haitambuliki afisa akihamishwa. Ukishalipa, dai barua ya kumaliza deni na hati yako ya dhamana siku hiyohiyo, na uwaombe wasahihishe taarifa zako za mikopo.

Wakikugomea kabisa, andika malalamiko rasmi kwao kwanza. Usiporidhika, Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza.