Itambue mbigili kabla haijakutoboa

Wiki moja nilipata pancha tatu, zote gurudumu la nyuma. Fundi akachomoa kitu mfano wa punje kwenye tairi, akakiweka kiganjani mwangu: "Usiilaumu tyubu. Tazama unapoegesha." Kumbe nilikuwa naegesha baiskeli juu ya mbigili yenyewe, kando ya njia, penye mchanga uliochimbuliwa. Nilidhani ni majani tu.

Mbigili, ambayo wataalamu huiita Tribulus terrestris (jina alilolipa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753), hutambaa. Mashina yake hutoka kwenye mzizi mmoja na kusambaa pande zote, mengine yakapita mita moja. Ikibanwa na mimea mingine hujiinua kidogo, hilo lisikuchanganye.

Inama utazame jani. Limegawanyika vijani vidogo jozi jozi, kama jani la mkwaju, na ukilipapasa lina malaika. Kisha tazama majani yanavyokaa shinani: mawili mawili yakielekeana, moja kubwa, mwenzake dogo. Mimi huiamini dalili hii kuliko ua. Ua lenyewe ni la njano, petali tano, upana wa sentimita moja hivi, nalo hufunguka asubuhi. Ukichelewa huenda usilikute.

Tunda ndilo humaliza ubishi. Likikauka hupasuka vipande vitano, kila kimoja na miiba miwili mirefu na miwili mifupi. Kigeuze: utaona kichwa cha mbuzi na pembe zake. Vyovyote kitakavyoanguka, mwiba mmoja huelekea juu.

Mmea mwingine unaotambaa hivihivi una majani manene, laini, yasiyogawanyika: huo si wenyewe. Ukivunja shina likatoka utomvu mweupe kama maziwa, si wenyewe pia. Na kama vitu vya miiba vimepangana kwenye suke, na majani ni ya nyasi, hiyo ni nyasi ya kuganda kwenye suruali.

Mmea ukishakauka na kupeperuka, miiba hubaki mchangani haionekani. Hapo navaa kandambili kuukuu yenye soli nene, napita polepole, nageuza soli nahesabu miiba iliyonasa. Mbigili mbichi naikata mzizi chini kidogo ya uso wa udongo, kabla matunda hayajakomaa. Ikiwa imeshazaa, naikunja taratibu kuelekea katikati kama mkeka, naitia ndooni. Mfuko wa plastiki nilijaribu mara moja. Ulitoboka kabla sijafika jalalani.