Mambo ya kuzingatia kabla ya kubadilisha oili ya difu inayopiga kelele

Kelele inayotoka nyuma ya gari si lazima iwe ya difu (sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma), na hata ikiwa ya difu, oili mpya haitibu kila kitu. Inasaidia pale iliyomo imepungua, imeingia maji, imechakaa au tangu mwanzo haikuwa ya aina inayotakiwa. Beringi iliyokwisha kuliwa au meno yaliyolika hayaponi kwa kumiminiwa oili, iwe ya bei gani.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Tafuta barabara iliyonyooka na tulivu, mwache mwenzako aendeshe, wewe kaa kiti cha nyuma. Mvumo unaopanda ukikanyagwa mafuta kisha ukabadilika au kupotea yakiachiwa, huo unatoka kwenye meno ya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu. Muungurumo usiojali mafuta, unaofuata mwendo wa gari tu, mara nyingi ni beringi. Ukizidi gari linapopinda upande mmoja na kupungua likipinda upande mwingine, shuku kwanza beringi ya gurudumu. Sauti ikigeuka kila lami inapobadilika, chunguza tairi. Kishindo kimoja kizito wakati wa kuingiza gia kinahusu krosi (viungio) za propela, ile shafti inayoleta nguvu kwenye difu, au nafasi iliyozidi kati ya meno, na hapo kubadilisha oili hakutaleta tofauti yoyote.

Ukiridhika kwamba ni difu, ingia chini na tochi kabla ya kununua chochote. Tazama sili ya pinioni pale propela inapofungwa, kisha upande wa ndani wa kila gurudumu la nyuma. Unyevu wa oili kwenye gurudumu unamaanisha sili ya ekseli imekufa, na oili hiyo huishia kwenye breki. Usiendelee na safari ndefu. Badilisha sili na ukague viatu vya breki. Angalia pia kipumulio, kile kikofia kidogo au mpira mwembamba juu ya nyumba ya difu. Kikizibwa na tope, joto linajenga shinikizo ndani na oili inasukumwa kupitia sili. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji baridi, mambo yanageuka: difu inavuta maji. Ukiweka sili mpya bila kuzibua kipumulio, utarudi kwenye kazi ileile.

Sasa oili yenyewe. Difu nyingi za nyuma zinataka daraja la GL-5 (alama ya ubora wa oili ya gia), kwa sababu pinioni imekaa chini ya kitovu cha krauni, na meno yanasuguana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa. GL-4 haina viungo (kemikali za kulinda meno) vya kutosha kuhimili hali hiyo. Namba ya uzito, kama 75W-90, 80W-90 au 85W-140, ichukue kwenye mwongozo wa gari. Kuweka oili nzito kuliko inayotakiwa ili kelele ishuke ni ushauri mbaya: masikio yanatulia huku chuma kikiendelea kulika.

Jua pia kama difu yako ni ya kawaida au ni ya kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure. Magurudumu ya nyuma yakiwa hewani juu ya stendi, ya mbele yamewekewa vizuizi, gia huru na breki ya mkono imeachiwa, zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, kwa kawaida difu ni ya kawaida. Yote mawili yakienda upande mmoja, ni ile nyingine. Ila ya aina hiyo iliyochakaa inaweza kukudanganya, kwa hiyo hakikisha na mwongozo. Difu hiyo inahitaji oili yenye alama ya LS (limited slip) au kiungo maalumu cha kuongezea, la sivyo itakwaruza na kutetemeka kwenye kona kali.

Kiasi hutofautiana. Gari dogo linaweza kuchukua lita 1 au zaidi kidogo, pikapu lita 2 hadi 3. Nunua ya ziada kidogo, maana pampu na mpira wake hubaki na oili. Andaa pia karai, brashi ya waya, wosha mpya za nati, glavu, na soketi inayokaa vizuri. Nati nyingine zinataka ufunguo wa pembe sita, nyingine spana ya pembe nne. Kuna difu zisizo na nati ya kumwagia kabisa: hizo zitakudai kunyonya oili kwa pampu au kufungua kifuniko cha nyuma, hivyo uwe na gasketi au silikoni.

Nati ya kujazia ifunguliwe kwanza, kabla hujagusa ya kumwagia. Ikigoma, bado una oili ndani na gari linatembea. Ukianza kumwaga ndipo ukagundua ya juu imeshika kutu, umebaki na difu kavu.

Endesha dakika 10 hadi 15 oili ipate joto, kisha gari lisimame sawa mbele na nyuma, kwani likiinama kipimo kitakuwa cha uongo. Fungua nati ya kumwagia, oili itoke kwenye karai. Sumaku ya nati hiyo, ikiwepo, ndiyo itakupa majibu. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino au beringi inayovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Jaza mpya, tembea kidogo, uibadilishe tena.

Rudisha nati ya kumwagia, jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia na kuanza kuchuruzika, kisha funga. Ukizidisha, itatoa povu na kutokea kwenye kipumulio. Baada ya kilomita chache kagua uvujaji, na difu ikipoa pima tena.

Kama ulikuta vipande, au mvumo haukupungua, difu ifunguliwe. Krauni na pinioni hununuliwa kwa jozi, na fundi awe na vifaa vya kupima nafasi ya meno na ukazo wa beringi.