Nati ya sproketi ya mbele imegoma: namna ya kuifungua ukiwa nyumbani

Usikate cheni kwanza. Hilo ndilo kosa linalowakwamisha wengi wanaobadilisha cheni na sproketi (gia zenye meno zinazobeba cheni) za pikipiki nyumbani: cheni ya zamani inakatwa na kutupwa, ndipo mtu anaigeukia nati ya mbele na kukuta hana tena kitu cha kuizuia shafti, yaani mhimili unaobeba sproketi hiyo, isizunguke. Cheni iliyochoka bado ina kazi moja, nayo ni kuishika sproketi ya mbele ikae pamoja na gurudumu la nyuma wakati unalegeza nati. Ekseli ya nyuma nayo iache ilivyokazwa.

Hakikisha pia kwamba kweli una nati. Pikipiki nyingi ndogo hushika sproketi ya mbele kwa kibati chenye bolti mbili za kichwa cha milimita 10. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Mwongozo huu ni wa nati moja kubwa, kwa kawaida ya milimita 27 hadi 32, iliyokaa katikati ya shafti.

Vifaa

Boksi (soketi) ya pembe 6 yenye saizi kamili ya nati, na mkono mnene wa nusu inchi usio na racheti. Boksi ya pembe 12 hushika kwenye ncha za nati tu, na kwenye nati iliyogoma huzilamba. Spana malaya usiilete kabisa hapa. Ongeza bomba la chuma la kama mita 1 linaloingia kwenye mkono wa boksi, tindo, nyundo, brashi ya waya, mafuta ya taa, kipande cha mbao ngumu cha sentimita 5 kwa 5, miwani ya kukinga macho, spana ya kupima torki (nguvu ya kukaza), na washa mpya ya kufungia, yaani kibati kinachozuia nati isilegee. Hiyo washa inunue kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Fungua kava na usafishe

Toa kava la sproketi. Kwenye baadhi ya pikipiki kava hilo limebeba mtambo wa klachi au sensa ya mwendo, kwa hiyo usilivute kwa nguvu kabla ya kuona nini kimeshikana nalo. Klachi ikiwa ni ya mafuta, usiguse mkono wa klachi wakati kava liko nje, la sivyo pistoni yake itatoka.

Ndani utakuta tope jeusi la grisi na vumbi. Lisugue lote kwa mafuta ya taa na brashi, kisha ukaushe. Huu si usafi wa kupendeza macho: tope hilo huficha washa, na huzuia boksi isiingie hadi mwisho. Boksi ikiingia nusu, nati inaharibika.

Hatua ya 2: Kunjua washa ya kufungia

Tazama kandokando ya nati. Ukiona ukingo wa washa umekunjwa na kulala kwenye bapa moja au mawili ya nati, hapo ndipo penye siri ya nati nyingi zinazodaiwa kugoma. Mtu anavuta bomba hadi linapinda, kumbe ukingo haujakunjuliwa. Chomeka tindo kati ya ukingo na nati, gonga taratibu, uinue hadi boksi ipite bila kugusa. Usiache hata kipande kidogo.

Nyingine hazina ukingo wa kukunja. Zina washa ya umbo la sahani au shingo ya nati iliyopondwa kwenye mfereji wa shafti. Shingo iliyopondwa iinue kwa tindo nyembamba.

Hatua ya 3: Jua upande wa kufungua

Nyingi hufunguka kinyume na saa, lakini chache zina hesi (mistari ya skrubu) ya kushoto. Angalia hesi zinazochomoza nje ya nati huku ukiwaza kwamba shafti imesimama wima: zikipanda kuelekea kulia, ni za kawaida, zikipanda kuelekea kushoto, fungua kwa kufuata saa.

Hatua ya 4: Zuia gurudumu. Hapa ndipo kazi ilipo

Fanya hesabu kidogo. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 15 na ya nyuma 45, nguvu unayoizungusha kwenye nati hufika gurudumu la nyuma ikiwa mara 3. Nati iliyogoma ikitaka Nm 300 (nyutonimita, kipimo cha torki), gurudumu linabeba Nm 900. Ndiyo maana breki peke yake mara nyingi huteleza, na ndiyo maana kuingiza gia hakusaidii: injini inazunguka tu, au meno ya giaboksi yanapokea vishindo yasivyostahili. Weka gia huru.

Hesi ikiwa ya kawaida, kufungua kunalisukuma gurudumu mbele, kama vile pikipiki inataka kuondoka. Kwa hiyo usifanye kazi hii ikiwa juu ya stendi ya kati, itaruka. Shusha tairi chini, sukuma gurudumu la mbele liguse ukuta, na mtu mzito akae kitini akikanyaga breki ya nyuma kwa mguu wote.

Gurudumu likiwa la rimu ya aloi, ongeza mbao. Ipitishe katikati ya mikono ya rimu, mbele ya ekseli, ikalie juu ya pande zote mbili za uma wa nyuma, yaani mikono miwili ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma. Mbele ya ekseli gurudumu hushuka linapotaka kwenda mbele, hivyo mbao itakandamiza uma. Ikae karibu na rimu kadiri inavyowezekana, kwa sababu ikisogea karibu na ekseli nguvu inayoubana uma inaongezeka. Weka kitambaa chini yake, na hakikisha haigusi diski, bomba la breki wala waya wa sensa. Hesi ikiwa ya kushoto, mwelekeo wote huo unageuka.

Rimu ya spoku za waya usiiwekee mbao, spoku zitapinda. Tegemea breki na msaidizi, au nenda kwenye mashine ya kugonga (inayofungua nati kwa mapigo ya haraka) iliyoelezwa katika hatua ya 6.

Hatua ya 5: Vuta

Ingiza boksi hadi mwisho, weka bomba, kisha sogeza mkono polepole hadi ulegevu wa cheni uishe na uhisi kila kitu kimekaza. Ndipo uongeze nguvu kwa mfululizo. Ukianza kwa kishindo huku cheni ikiwa legevu, nguvu yote inapotea katika kuivuta cheni.

Mkono wa sentimita 30 ukisukumwa kwa uzito wa kilo 40 hutoa kama Nm 118. Bomba la mita 1 kwa kilo 30 hutoa karibu Nm 294. Kwa hiyo ongeza urefu, si hasira. Kwa mkono wako mwingine shikilia kichwa cha boksi kisiiname. Usipige ncha ya bomba kwa nyundo: boksi inachomoka, na beringi ya shafti ndiyo inayoumia.

Hatua ya 6: Bado imekataa

Kuna mambo mawili yaliyobaki, gundi ya hesi (inayopakwa ili nati isilegee) au kutu. Kwa kutu, nyunyiza mafuta ya kupenya, gonga uso wa nati kwa wastani mara kadhaa, na uache saa chache. Kwa gundi mafuta hayo hayafanyi kitu, inataka joto. Gundi ngumu hulegea karibu na nyuzi 250 za Selsiasi, lakini nyuma ya sproketi kuna sili ya mpira isiyovumilia joto hilo. Tumia bunduki ya hewa moto, ielekeze kwenye nati tu, kisha vuta nati ikiwa bado moto. Mwali wa gesi usiutumie. Na kama umekwisha nyunyiza mafuta, yafute na kuyakausha kabisa kabla ya kuwasha chochote.

Mashine ya kugonga ya umeme au ya upepo hufaulu pale ambapo bomba limeshindwa, kwa kuwa kila pigo lake ni fupi mno na uzito wa gurudumu wenyewe unatosha kulizuia. Tumia boksi nyeusi za mashine, maana zile za kung'aa hupasuka. Piga kwa sekunde 3 hadi 5, pumzika, rudia.

Nati ikilambika kabisa, ipasue. Jaza vitambaa kuzunguka shafti ili chembe za chuma zisifike kwenye sili. Nati ya milimita 30 kwenye shafti ya milimita 20 ina ukuta wa milimita 5 tu katikati ya bapa, kwa hiyo toboa hapo sambamba na shafti kwa keekee ya milimita 3, kisha 4, halafu pasua kwa tindo. Usiende hadi hesi: nati inanunulika, shafti inataka injini ifunguliwe.

Hatua ya 7: Kufunga

Safisha hesi kwa brashi, weka sproketi mpya na washa mpya. Washa ya umbo la sahani ina upande wake. Yenye maandishi, maandishi yatazame nje. Nati yenye shimo upande mmoja, shimo huelekea ndani. Tone 1 la gundi ya hesi ya nguvu ya kati linatosha, kama kitabu cha pikipiki kinaitaka.

Kaza kwa kipimo cha kitabu hicho, kwa kawaida kati ya Nm 80 na 140, gurudumu likiwa limezuiwa upande wa pili safari hii: kwa hesi ya kawaida mbao iwe chini ya uma mbele ya ekseli, kwani sasa gurudumu linataka kurudi nyuma. Ukingo wa washa ukunje mwisho, baada ya torki, ulale bapa kwenye nati. Usipolingana na bapa, ongeza kukaza kidogo, usirudishe nyuma.