Kabla ya kufungua huduma ya tiba mbadala: leseni, mipaka na adhabu

Wengi huanza kwa kuuliza leseni inatolewa wapi. Anza na swali jingine: utamfanyia nini mgonjwa, na utamwambia nini? Mahakama hutazama kitendo, si jina la tiba lililo kwenye kibao.

Chukua California, jimbo la Marekani. Kifungu cha 2052 cha sheria yake ya biashara na taaluma kinamweka anayetibu bila leseni kwenye hatari ya kifungo cha hadi mwaka 1 jela (au hadi miaka 3 akishtakiwa kwa kosa kubwa la jinai), faini ya hadi dola 10,000, au vyote viwili. Tangu 2003 tiba mbadala inaruhusiwa bila leseni, ila ina mipaka: usitoboe ngozi, usipige eksirei, usiunge mfupa, usitoe dawa za cheti cha daktari, wala usimshauri mtu aache dawa alizoandikiwa. Hijama kavu, yaani kuumika bila kuchanja, ni jambo moja; ukishachanja, umevuka. Ushauri wa kuacha dawa ndio wa kuchungwa zaidi, maana humponyoka mtu katikati ya mazungumzo ya kawaida.

Kabla ya kumgusa mteja, andaa maelezo ya maandishi kwa lugha anayoielewa: kwamba wewe si daktari mwenye leseni, kwamba tiba yako ni mbadala na jimbo halijaipa leseni, utafanya nini, kwa nadharia gani, na umesomea wapi. Asaini, apate nakala, nawe utunze yako miaka 3. Karatasi hiyo haimwokoi aliyevuka mipaka.

Usibebe kanuni za jimbo moja kwenda jingine. Florida, kutibu bila leseni ni kosa kubwa la jinai hata kama hakuna aliyeumia. Adhabu ya chini ni mwaka 1 gerezani na faini ya dola 1,000. Ujerumani, sheria ya 1939 inadai kibali, na asiyenacho hukabiliwa na faini au kifungo cha hadi mwaka 1. Uingereza imelegeza kamba zaidi, lakini huwezi kujiita mtaalamu wa osteopathi au kiropraktiki (tiba za mifupa, viungo na mgongo kwa mikono) bila kusajiliwa, na sheria ya saratani ya 1939 inakataza kutangazia umma kwamba unatibu ugonjwa huo.

Cheti cha kozi si leseni. Kibali cha biashara nacho si leseni. Kinakuruhusu kufungua mlango tu. Pitia kibao, kadi na ujumbe wa simu, ufute "daktari", "kliniki" na "naponya" kabla mpelelezi hajavipiga picha.